Uso Uliogeuzwa Stakabadhi: Kisa cha Picha za Msaada katika Usharika Mmoja wa Nyanda za Juu Kusini

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea katika usharika mmoja wa Kilutheri ulioko kwenye wilaya mojawapo ya milimani katika Mkoa wa Mbeya. Majina ya watu, ya usharika na ya kijiji yameondolewa, na mambo machache ambayo yangemwezesha mtu wa eneo hilo kuwatambua wahusika yamebadilishwa bila kugusa kiini cha yaliyotokea. Mimi nilikuwa mmoja wa wajumbe watatu walioteuliwa na baraza la wazee kulifuatilia jambo hili. Kwa kuwa kosa lenyewe lilikuwa la kumweka mtu hadharani bila yeye kujua anawekwa wapi, sikuona haki kuandika bila ruhusa. Bibi mwenye kisa alisomewa maandishi haya yote nyumbani kwake, mwanawe akiwepo, na sehemu mbili alizoomba ziondolewe zimeondolewa.

Usuli

Ulutheri na Umoravian vilifika kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1891, na kwa kadiri wazee wetu wanavyokumbuka, kuwatembelea wajane na wagonjwa kumekuwa kazi ya wanawake wa usharika, ambao walikwenda na unga, mkungu wa ndizi au mzigo wa kuni, wakaomba pamoja na mwenye nyumba, wakarudi. Habari za walichokikuta ndani ya nyumba zilibaki kwao na kwa mchungaji.

Simu ilipanua kazi hiyo kwa namna njema. Washarika waliohamia Dar es Salaam, Dodoma na kwingineko waliunganishwa katika kundi la WhatsApp, na ikawezekana kwa mtu aliye mbali kuchangia godoro la mjane wa kijijini kwao kwa muda mfupi tu. Hata hivyo, miaka miwili kabla ya kisa hiki, mchango mmoja wa msiba ulizua manung'uniko. Watu walioko mbali waliuliza fedha zimekwenda wapi, maneno yakawa makali, na mama aliyekuwa mweka hazina akajiuzulu huku analia. Vitabu vilipokaguliwa vilionekana safi, lakini hakukubali kurudi katika nafasi yake. Kutokana na uchungu huo, kamati ya diakonia, yaani ya huduma kwa wahitaji, iliweka utaratibu kwamba kila mchango utakaopelekwa kwa mhitaji uthibitishwe kwa picha, na picha hizo ziwekwe kwenye kundi na kwenye ukurasa wa Facebook wa usharika. Ninasisitiza jambo hili mapema, kwa sababu wengi waliosikia kisa hiki walidhani kilitokana na watu kupenda sifa, ilhali kilitokana na watu waaminifu waliochoka kushukiwa.

Bibi anayehusika ni mjane mwenye umri wa zaidi ya miaka sabini. Nyumba yake ya kulala ni ya tofali na ina bati zima, bali jiko lake, lililo nyuma, lilikuwa limechakaa na kutobolewa na mvua. Mwanawe wa kiume ni dereva wa malori yanayotoka bandarini Dar es Salaam kwenda Tunduma na kuvuka mpaka. Kwa kuwa Bibi hakuwa na simu, mwanawe alikuwa akituma fedha kila mwezi kwenye simu ya mpwa wake anayeishi jirani na Bibi. Kamati haikulijua hilo, wala haikuuliza.

Mfuatano wa matukio

Ilikuwa Julai, majira ya baridi kali. Kamati ilipokea shilingi 412,000 kutoka kwa wachangiaji na kununua godoro, mablanketi mawili, mchele, sukari na sabuni. Jumamosi mchana akina mama kumi na mmoja walikwenda kwa Bibi, pamoja na kijana mmoja wa kwaya anayesimamia ukurasa wa Facebook. Walipofika, Mama Mwenyekiti aliomba ruhusa: "Bibi, tunaomba tupige picha." Bibi akaitikia kwa furaha. Picha ya kwanza ilipigwa mlangoni, wote wakiwa wamesimama. Baadaye, wakati akina mama wakisaidia kupika chai, kijana aliingia jikoni na kupiga picha nyingine: Bibi ameinama mbele ya mafiga, moshi umetanda, tundu la paa juu ya kichwa chake, na godoro kuukuu lililochanika ambalo siku nyingi lilikuwa halilaliwi, limeegemezwa ukutani.

Saa tatu usiku picha tisa ziliwekwa kwenye Facebook na kwenye kundi. Maelezo yaliwashukuru wachangiaji kwa majina, yakataja kijiji, na yakamalizia kwa maneno ya Mathayo 25:35, "nalikuwa na njaa, mkanipa chakula". Jumapili ibada ilipomalizika, picha zilikuwa kwenye stetasi za washarika wengi. Jumapili jioni ukurasa mwingine, wa watu tusiowajua, ulichukua picha ya jikoni peke yake na kuipa maelezo mapya kwamba watoto wa bibi huyu wanastarehe mjini huku mama yao akilala kwenye moshi. Maoni ya matusi kwa watoto hao yakafurika. Mwanakwaya wetu mmoja aliingia kuwajibu, naye akatukana.

Jumatatu asubuhi yule dereva alikuwa kwenye foleni ya malori Tunduma. Utingo wake, asiyejua lolote, alimwonyesha picha hiyo kama habari ya kusikitisha. Dereva alimpigia mwinjilisti wetu na kumwambia kwamba ametuma fedha kila mwezi kwa muda wa miaka minne, na kwamba sasa ametangazwa nchi nzima kuwa mtoto aliyemtupa mama yake. Siku hiyohiyo Bibi alizipata habari kutoka kwa jirani.

Jumatano baraza la wazee lilikutana. Jumapili iliyofuata Bibi hakuonekana ibadani, na kabla kengele ya pili haijapigwa mjukuu wake alifika na mablanketi yote mawili, yamekunjwa vizuri, akayaweka kwenye ngazi za kanisa na kuondoka bila kusema neno.

Maamuzi yaliyofanyika na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa kijana kupandisha picha zote tisa badala ya ile moja ya mlangoni. Nilipomuuliza, alinijibu kwa unyoofu kwamba picha ya mlangoni ilimwonyesha Bibi akiwa amevaa vizuri, na kwamba aliogopa wachangiaji wangesema mbona huyu hana shida. Kwake, picha za jikoni zilikuwa ushahidi kwamba fedha zilikwenda kwa mtu aliyestahili. Alikuwa ametii utaratibu tuliouweka sisi wenyewe na kuufikisha mahali ambapo ungefika tu.

Uamuzi wa pili ulikuwa wa mwinjilisti, wa kuziacha picha mahali zilipo hadi kikao cha Jumatano. Alihofu kwamba zikiondolewa haraka watu watasema kuna jambo linafichwa, na msukosuko wa mchango wa msiba ulikuwa bado unamuuma. Alimjibu dereva kwamba nia yetu ilikuwa njema. Hilo lilikuwa kweli, lakini halikumsaidia dereva kwa lolote.

Uamuzi wa tatu aliufanya Mama Mwenyekiti kwa hiari yake, bila kungoja kikao. Jumanne jioni aliiacha simu yake nyumbani, akaenda kwa Bibi peke yake, akakaa hadi giza lilipoingia. Bibi alimwambia maneno ambayo baadaye aliyarudia mbele ya baraza: "Niliposikia mnakuja nilivaa kitenge changu cha kanisani, kwa kuwa nilijua napokea wageni. Nyinyi mkaacha kitenge, mkapiga jiko." Kuhusu ruhusa alisema kwamba picha aliyoikubali ni kama ile iliyoko ukutani kwake, ya kipaimara cha mwanawe, ambayo huonwa na anayeingia ndani kwa kukaribishwa.

Uamuzi wa nne ulikuwa wa baraza, na ulifikiwa baada ya mabishano marefu. Kijana alijitetea kwa Mathayo 5:16, kwamba nuru yetu iangaze mbele ya watu wapate kuyaona matendo yetu mema. Mzee mmoja alimjibu kwa sura inayofuata, inayosema kwamba utoapo sadaka, hata mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume. Mchungaji hakuiegemeza sura moja dhidi ya nyingine, kwa kuwa zote mbili ni za hotuba ileile mlimani. Alituelekeza kwenye mwisho wa ule mstari wa kwanza, unaosema kwamba watu wakiyaona matendo hayo wamtukuze Baba aliye mbinguni, kisha akaomba maoni yote yaliyoandikwa chini ya picha yasomwe kwa sauti. Yalisomwa. Yalijaa sifa kwa usharika na laana kwa watoto wa Bibi. Baada ya hapo hapakuwa na aliyepinga picha kuondolewa.

Lililobaki gumu lilikuwa namna ya kuomba radhi. Mathayo 18:15 inaelekeza kumwendea ndugu na kusema naye faraghani, wewe na yeye peke yenu, na baadhi ya wazee waliona kwamba kwenda kwa Bibi kunatosha. Dereva alikataa, akisema aibu aliyopewa hadharani haiwezi kufutwa sebuleni. Bibi kwa upande wake hakutaka atajwe tena mahali popote. Baraza liliamua kwamba wazee waende kwanza kwa Bibi, halafu kwa dereva kwa simu, na kisha tangazo fupi liandikwe kwenye ukurasa uleule, lisilo na jina wala picha, lakini Bibi alisikie kwanza. Rasimu ilikuwa na sentensi iliyosema kwamba familia ilikuwa ikituma matunzo kila mwezi na kwamba hayakufika. Bibi aliposomewa sentensi hiyo alisema iondolewe. Alikuwa ameshajua kwamba mpwa wa mwanawe ndiye aliyezila fedha, na hakutaka kijana huyo naye awekwe jikoni. Sentensi ilibaki kusema tu kwamba familia ilikuwa ikimtunza mama yao na kwamba sisi tuliandika bila kuuliza.

Matokeo

Picha ziliondolewa Facebook usiku wa Jumatano. Kwenye kundi la WhatsApp hazikuweza kufutwa kwa wote, kwa sababu programu hiyo humpa mtumaji muda wa siku mbili na saa kumi na mbili tu kufanya hivyo, na muda huo ulikuwa umekwisha Jumanne asubuhi tulipokuwa bado tunangoja kikao. Tuliwaomba wanakundi wazifute kwenye simu zao, mmoja mmoja, na wengi waliitikia. Ule ukurasa wa nje uliiondoa picha baada ya kuandikiwa mara tatu.

Mpwa alikalishwa kikao na dereva, mjomba mmoja na mwinjilisti. Alikiri kwamba sehemu ya fedha aliipeleka kwa Bibi na sehemu kubwa zaidi ililipa deni la mbolea, akakubali kurejesha kila anapovuna viazi. Mpaka ninapoandika amekwisha kulipa mara mbili, na hakuna aliyeandika habari zake popote. Dereva alimnunulia mama yake simu ndogo ya vitufe na kulitengeneza jiko.

Bibi alirudi ibadani Jumapili ya kwanza ya Majilio, miezi minne baadaye. Mablanketi hakuyachukua. Alisema apewe mwingine mwenye baridi, na ndivyo ilivyofanyika.

Uchambuzi

Kosa lililozaa mengine yote ni kuchanganya mambo mawili: uthibitisho ambao mchangiaji anastahili kupewa, na uso wa anayepokea. Mchangiaji ana haki ya kujua kwamba shilingi zake zilinunua godoro. Haki hiyo hutimizwa na risiti ya duka, picha ya vitu vikiwa bado ofisini, na saini za mashahidi wawili waliovipeleka. Sisi tulimfanya Bibi awe stakabadhi yetu, na stakabadhi, ili iaminike, ilibidi aonekane na dhiki kadiri ilivyowezekana. Hapo ndipo kitenge cha kanisani kilipogeuka kuwa kikwazo. Mtu akifikia hatua ya kusikitika kwamba mhitaji wake amevaa vizuri, ameshaacha kumwona kama jirani.

Kuna jambo katika ile Mathayo 25 tuliyoinukuu chini ya picha ambalo hatukuwa tumelisoma hadi mwisho. Wenye haki katika sura hiyo wanashangaa. Wanauliza ni lini walimwona Bwana ana njaa wakamlisha, yaani hawana kumbukumbu wala orodha ya wema wao. Sisi tulikuwa na picha tisa na majina ya wachangiaji. Ninaliandika hili kwa huzuni, kwa kuwa nami nilikuwa miongoni mwa waliozisambaza Jumapili ile asubuhi, na nilijisikia vizuri nilipofanya hivyo.

Kuhusu ridhaa, Mama Mwenyekiti aliomba na Bibi alikubali, na kwa hesabu ya juujuu hakuna aliyekosa. Lakini neno "picha" lilikuwa na maana mbili katika chumba kile. Kwa mwombaji lilikuwa kitu kinachokwenda kwa watu wasiohesabika. Kwa Bibi lilikuwa kitu cha ukutani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa kusudi halali lililoelezwa, na picha ya mtu anayetambulika inaingia humo. Nafurahi kwamba sheria ipo, ingawa kwa usharika kipimo kinapaswa kuwa kikubwa zaidi ya hicho. Mtu aliyeletewa mchele na wageni kumi na wawili hana nafasi ya kweli ya kukataa. Hata angejua Facebook ni nini, angeonaje vyema kuwaambia wageni wake hapana huku wamebeba godoro lake? Kwa sababu hiyo tumefikia kwamba ruhusa ya picha haiombwi siku ya kupeleka msaada, wala na mtu aliyebeba msaada.

Kilichofanya kazi vizuri kuliko vyote kilikuwa ziara ya Mama Mwenyekiti ya Jumanne. Hakuwa na agizo la kikao, hakuwa na maneno ya kujitetea, na aliacha simu nyumbani. Alisikiliza kwanza. Mithali 18:13 inasema kwamba ajibuye kabla hajasikia, ni upumbavu na aibu kwake, na tofauti kati ya ziara hiyo na jibu la mwinjilisti kwa dereva ndiyo hiyo. Mwinjilisti alieleza nia yetu kabla hajasikia hasara ya mwenzake. Kuchelewa kwake kulitokana na desturi njema ya kungoja kikao, ambayo katika mashauri ya mashamba na ndoa imetuokoa mara nyingi, lakini mtandao haungoji Jumatano. Sasa Mama Mwenyekiti na mchungaji wanaweza, mmoja wao akiridhia, kuondoa chochote mara tu anayehusika anapolalamika, na baraza litahukumu baadaye kama kilistahili kurudishwa.

Tangazo la kuomba radhi lilifanikiwa kwa sababu ya Bibi kuliko kwa sababu yetu. Sisi, hata katika toba, tulikuwa tayari kumsafisha dereva kwa kumfichua mpwa. Yeye aliyekuwa ameumizwa kuliko wote ndiye aliyelizuia, na kwa kulizuia alitufundisha maana ya Mathayo 18 katika simu zetu wenyewe: kosa la mpwa lilishughulikiwa na watu wanne katika chumba kimoja, likapata kukiriwa na kulipwa. Sidhani kwamba angekiri kama jina lake lingekuwa kwenye ukurasa. Angehama kijiji.

Kijana wa kwaya aliomba kuacha kazi. Baraza lilikataa, na nadhani lilifanya vyema, kwa kuwa ni rahisi kumtwika kijana mzigo ambao kamati nzima iliufunga. Bado anasimamia ukurasa; hupiga picha za mnada wa mavuno, za magunia ya viazi na za mazoezi ya kwaya. Mwanakwaya aliyetukana kwenye maoni alionywa faraghani, naye akafuta aliyoyaandika.

Utaratibu mpya una gharama yake, na si haki kuificha. Katika mchango uliofuata tulituma risiti na picha ya vitu peke yake, bila jina la mpokeaji. Wanakundi wawili walijitoa, mmoja akiandika kwamba hawezi kuchangia mtu asiyemwona. Fedha zilizopatikana zilikuwa pungufu kuliko zile za Julai. Wapo wajumbe wanaosema kwamba mjane wa pili amelipia heshima ya mjane wa kwanza, na hoja hiyo siwezi kuipuuza, kwa sababu baridi ni baridi. Jibu letu hadi sasa limekuwa kukijaza kilichopungua kutoka katika sadaka ya usharika wenyewe, mzigo ambao kwa miaka kadhaa tulikuwa tumezoea kuwaachia walio mbali.

Lililobaki wazi

Mwezi Februari dereva alitutumia picha ya jikoni kwa mara nyingine. Ilikuwa kwenye ukurasa mpya, ikitaja kijiji cha mkoa mwingine na ugonjwa ambao Bibi hana, na chini yake iliwekwa namba ya simu ya kutumia michango. Familia iliripoti polisi, nasi tukauripoti ukurasa huo, ambao uliondolewa baada ya siku sita. Hatujui ni watu wangapi waliotuma fedha.

Palitokea swali kama Bibi aambiwe. Mwanawe alitaka asijue, na baadhi yetu tulikubaliana naye kwa kumhurumia. Mama Mwenyekiti alisema kwamba tulianza kuharibu kwa kuamua mambo ya Bibi bila Bibi, na dereva baada ya kufikiri akakubali. Mama alikwenda Alhamisi mchana, peke yake, tena bila simu. Bibi alikuwa anachambua maharage. Aliuliza ni picha ipi, akaambiwa ni ile ya jikoni. Akauliza kama ile ya mlangoni ipo bado, na kama anaweza kupewa moja ya karatasi. Kijana aliisafisha mjini Mbeya, akaitia kwenye fremu na kuipeleka mwenyewe.